Chupa za Binti wa Jillo

Benchi letu lilikuwa ubao wa lori la zamani uliopigiliwa juu ya magogo mawili, mbele ya kibanda changu cha kushona nguo, pale soko la Isiolo. Mwanzo wa mwaka wa themanini na tano, ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe, na hata watu waliozoea kuishi kwa maziwa walikuwa wanakula ugali asubuhi na jioni. Abduba, askari mstaafu, tulimwita Spika, maana hakuna neno lililopita benchini bila ruhusa yake. Lokorio, dalali wa ngozi, alikuwa Redio, kwa sababu alining'iniza redio ya betri shingoni, na kama redio yenyewe, ukimjibu hakusikii. Kaburu, mwenye ghala la mahindi lililotutazama kutoka ng'ambo ya barabara, alikuwa Gunia. Mimi, Salesio, waliniita Sindano. Mwanamke aitwaye Nimo alituuzia kahawa ya tangawizi, na yeye hatukumpa jina la utani kwa sababu tulimwogopa.

Asubuhi moja Redio alifika mbio, hata redio hajaiwasha.

— Mumesikia? Binti ya marehemu Jillo amerudi kutoka Nairobi. Ako na sanduku ya chupa. Anaingia nyumba kwa nyumba anaomba watu mkojo.

— Oda! — Spika akapiga ubao. — Mkojo wa kufanya nini?

— Mbolea. Mvua imekataa, sasa serikali inataka kumwagilia nchi na sisi wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali ni ya mkojo? — nikauliza.

— Ni ya kitu yoyote inaingia kibaba.

Gunia akatikisa kichwa. — Si mbolea. Ni watu wa ng'ambo. Wanataka kujua sisi tunakula nini, ndio wapange bei.

— Nyinyi wote hamjui kazi ya serikali, — Spika akasema. — Mkojo ni kama alama ya kidole. Wakishaweka yako kwa faili, hata ukihamisha ngamia usiku mpaka Garbatulla, wanakufuata kwa harufu. Mimi nimekuwa askari, najua.

— Afadhali hiyo, — Redio akasema, sauti chini. — Mimi nimesikia wanatoa mtu ndani yake. Wanaweka kwa mashine, wanapata Lokorio mwingine, asiyekula sana.

— Mmoja ametosha, — Nimo akasema, akammiminia kahawa.

Tukacheka. Lakini sharti niwaeleze kuhusu nyumba ya Jillo, kwa sababu tulipolitaja jina hilo kicheko kilikatika mapema.

Jillo alikuwa mlinzi wa ghala moja la zamani ambalo sasa halipo. Alilinda miaka kumi na miwili, na sehemu ya malipo yake ilikuwa mafagio, yaani mahindi yaliyomwagika sakafuni na kufagiliwa. Aliyapika pale pale kazini na kula peke yake. Mwaka wa sabini na tisa macho yake yakawa njano, tumbo likajaa kama kiriba, akapelekwa Nairobi, akarudi akafa. Mazishi yalipokwisha, hapa benchini ikasemwa kwamba mkewe, Asli, alimlisha kitu. Neno lile lilivuka barabara kabla ya kahawa kupoa. Asli alikuwa akiuza maziwa ya mbuzi sokoni. Tangu wiki ile hakuna aliyenunua kikombe. Roba, mdogo wake Jillo, akaja na kuwachukua mbuzi wote, akisema muuaji harithi. Mama yule akaanza kusuka mikeka na kwenda kuiuza mbali, kwenye manyatta za wafugaji ambako sura yake haikujulikana. Na binti yake, Umulkheir, tuliyemzoea akipita hapa na madaftari kichwani, akaenda shule ya bweni, kisha Nairobi kusomea kazi ya maabara, na hakupita tena mbele yetu.

Mpaka siku ile. Alitokea saa nne hivi, buibui jeusi, sanduku mkononi, akasimama mbele ya benchi.

— Salaam aleikum, wazee.

— Aleikum salaam, — Spika akaitikia, lakini macho yakiwa kwenye sanduku. — Binti, mkojo ni najisi. Wewe mtoto wa Muislamu unabeba najisi kwa sanduku?

— Ndio maana chupa ina kifuniko, Mzee Abduba.

Nimo akaangua kicheko. Umulkheir akaweka sanduku chini, na bila kukaribishwa akakaa juu ya jiwe.

— Nimesikia mnauliza maswali. Niulizeni mimi.

— Hiyo kitu unatafuta inaitwa nani? — Redio akauliza.

— Tuanze na DNA.

— Dii-en-ei. Huyo ni wa ukoo gani?

— Wa koo zote. Ndani ya kila chembe ya mwili wako, Mzee Lokorio, kuna barua. Nusu imetoka kwa mama, nusu kwa baba. Inaeleza ini lifanyweje, ngozi ifanyweje. Chembe ikitaka kuzaa nyingine, kwanza inanakili barua yote, herufi kwa herufi. Sasa, mahindi yakiwekwa na unyevu yanaota kuvu. Kuvu nyingine inatoa sumu ambayo huioni na huionji. Ukiila, ini linajaribu kuivunja, na katika kuvunjwa inakuwa kali zaidi. Inajibandika juu ya herufi ya ile barua.

— Na mtu anakufa?

— Hapana. Mwili si mjinga. Unaikata herufi iliyoharibika, unaweka mpya. Ile mbovu unaitupa. Unaitupa wapi?

Aliyejibu ni Nimo.

— Kwa mkojo.

— Kwa mkojo, walaalo, ndugu zangu. Hicho ndicho tunatafuta: kile kibanzi, na sumu bado imekibandama. Tukikipata tunajua sumu imefika mpaka kwa barua ya mtu, si kwa sahani yake tu. Kwa sababu kuna herufi nyingine mwili hauwahi kuzikata. Hizo zinanakiliwa vibaya. Miaka mitano, kumi, ishirini. Siku moja chembe inasahau mahali pa kusimama, inazaana ovyo. Hiyo ndiyo kansa.

Ng'ambo ya barabara, akina mama walikuwa wamepanga laini mbele ya ghala, mifuko ya katani mikononi. Gunia aliwatazama, akamtazama msichana, akasimama.

— Unasema mahindi yangu ni sumu?

— Sijasema hivyo, Mzee Kaburu. Sijayapima.

— Mimi nakula hiyo hiyo! Asubuhi uji, jioni ugali, bibi yangu na watoto pia! Leta chupa hapa. Nitaijaza. Ukipata hiyo kitu yako ndani, mimi mwenyewe nitachimba shimo nizike ghala nzima. Usipopata, utasimama hapa mbele ya watu useme Kaburu ni mtu msafi.

— Nitasema, — Umulkheir akajibu. — Na kwa sauti kubwa.

— Oda! — Spika akapiga ubao. — Imepitishwa.

Tukaona aibu kumwacha Gunia peke yake. Mmoja mmoja tukazunguka nyuma ya kibanda changu. Spika alienda na kurudi kama yuko gwaride. Redio alikaa huko muda mrefu, akarudi na matone mawili.

— Betri imeisha, — akasema.

Umulkheir aliandika namba juu ya kila chupa, akaomba Gunia ruhusa achukue viganja vya mahindi kutoka magunia kadhaa, akafunga vyote kwenye sanduku la barafu, akapanda basi.

Wiki saba zikapita. Mambo hayakuwa matamu wiki hizo. Roba alizunguka sokoni akisema: mama analisha sumu, binti anatafuta sumu, hiyo ni kazi ya nyumba moja. Watu walicheka, na nitakuwa mwongo nikisema benchi halikucheka. Spika akaongeza kwamba msichana hatarudi, ameshauza mikojo yetu Ulaya. Redio akasema yake ilikuwa kidogo, kwa hivyo huko Ulaya atakuwa Lokorio mfupi. Gunia peke yake ndiye hakucheka. Nilimwona jioni moja mlangoni mwa ghala, amepasua gunia, ananusa kiganja chake.

Umulkheir alirudi siku ya Jumanne, mkoba begani, na bwana afya wa mji akiwa nyuma yake. Hakuja benchini. Alisimama kando.

— Mzee Kaburu, nakuomba pembeni. Majibu ya mtu ni ya mtu mwenyewe.

— Nilisema mbele ya watu, — Gunia akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. — Jibu pia mbele ya watu.

— Una hakika?

— Sema.

Akafungua daftari. — Chupa ya Mzee Lokorio haikutosha kupima. Hawa wengine nitawaambia kila mtu peke yake. Kwa yako, Mzee Kaburu, tulikipata kile kibanzi. Tukapima mara ya pili, mara ya tatu. Katika chupa zote za mji huu, hakuna iliyokuwa na kingi kuliko yako. Na mahindi ya lile rundo la nyuma, karibu na ukuta, yana kuvu yenyewe; ya rundo la mbele ni makavu, hatukupata kitu.

Redio ya Lokorio, ambaye alikuwa ameifungulia taarabu, ilizimwa, sijui na nani.

Nilidhani Gunia atatukana. Nilidhani ataenda kufunga ghala na kumwita wakili. Alivuka barabara polepole, kishada cha funguo kikilia mfukoni, na akina mama wa laini wakamfungulia njia. Akafungua milango yote miwili mpaka mwisho. Akaingia, akatoka na gunia mgongoni, yeye mwenyewe, mtu ambaye kwa miaka sikuwahi kumwona akibeba hata debe. Akalimwaga chini mbele ya watu wote. Katikati ya mahindi kulikuwa na mabonge ya kijani, yameshikana kama sufu ya kondoo.

— Hii nilinunua ikiwa mbichi, — akawaambia akina mama. — Niliharakisha. Nikajiambia itakauka ndani. Watoto wangu wamekula. Wenu pia wamekula. Leo hakuna mtu anakula tena.

Mama mmoja, Kinanu, akalia: — Na sisi tutakula nini?

— Rundo la mbele wamepima, ni kavu, ni safi. Hiyo chukueni. Na nitaenda Meru kesho kutafuta ingine, na hii binti itaangalia kabla iteremke kwa lori.

Tukavua mashati. Shimo lilichimbwa nyuma ya ghala, na sijaona Isiolo ikichimba vile: Waborana, Waturkana, Wameru, Wasomali, watu waliokuwa wamepigana juu ya kisima wiki iliyopita, wote ndani ya shimo moja. Spika alisimama ukingoni akihesabu kwa sauti ya gwaride. Gunia alikata kila gunia kwa kisu na kumwaga. Bwana afya akamwaga chokaa, tukaanza kufukia.

Ni pale shimoni, tukipumzika juu ya majembe, Redio alipouliza lile jambo ambalo kila mtu alikuwa nalo kooni.

— Na mtu akilishwa hii leo... kesho tumbo inavimba? Kama ya Jillo?

Umulkheir akatoa karatasi iliyokunjwa mkobani.

— Mtu akila nyingi sana kwa siku chache anaweza kuugua ini na kufa haraka. Hiyo ipo. Lakini baba yangu hakufa hivyo. Nilisoma faili yake huko hospitali. Walikata kipande cha ini wakakiangalia. Kansa. Uvimbe wa miaka, wazee. Hakuna mke duniani anayeweza kuupika jioni moja.

— Ni yale mafagio yalimuua? — nikauliza, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

— Sijui, Fundi. Alikula mafagio miaka kumi na miwili, na mimi nina mawazo yangu. Lakini sina chupa yake. Nisichokipima sikisemi.

Akaikunja karatasi. Tukashika majembe. Hakuna aliyemtazama mwenzake mpaka shimo likajaa.

Mwezi wa Mei alikuja tena na sanduku, akachukua mikojo upya, na safari hii Redio alijaza chupa mbili akataka ya tatu. Majibu yakarudi kabla ya mwezi wa sita kwisha. Gunia aliomba tena asomewe mbele ya watu. Umulkheir akasoma.

— Mzee Kaburu: hatukupata kitu.

— Sema tena.

— Hatukupata kitu! Wala kwa bibi yako, wala kwa watoto!

Sijui kama mmewahi kuona mtu mnene wa miaka hamsini akiruka. Gunia aliruka. Alimkumbatia Spika, akamkumbatia Redio, akaomba ruhusa kumkumbatia Nimo akanyimwa.

— Oda! — Spika akapaza sauti. — Gunia ni mtu msafi!

— Hiyo haimaanishi kansa haiwezi kukupata kamwe, — Umulkheir akasema, lakini alikuwa anacheka. — Ile sumu ya zamani tayari mwili umepambana nayo kadiri ulivyoweza. Lakini mlango umefungwa. Na ofisi za serikali zimekubali: kila ghala la hapa litapimwa unyevu kabla ya kuuza.

Gunia akaagiza kahawa ya kila mtu aliyeko barabarani. Nimo akamimina mpaka mkono ukachoka. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani nashona mfuko wa suruali, nacheka na wengine, na mguu wangu ukikanyaga, nilipoona Spika ameweka kikombe chini.

Asli alikuwa amesimama mbele ya benchi. Miaka sita hakukanyaga upande ule wa soko. Mikeka miwili begani, mgongo umenyooka.

— Salaam aleikum.

— Aleikum salaam, mama Umulkheir, — tukaitikia wote. — Karibu. Karibu kahawa.

— Sikuja kunywa kahawa. Nina swali moja. Ni nani kati yenu alisema kwanza?

Nimo akasimamisha birika hewani.

— Mama, — Spika akaanza, — maneno ni kama upepo. Hayana mwenyewe.

— Upepo una upande unatoka, Abduba. Nyinyi ni watu wanne. Ni nani?

— Mimi nilisikia kwa Gunia, — Redio akasema.

— Mimi nilisikia kwa Spika, — Gunia akasema.

— Mimi... — Spika akajifuta jasho. — Mimi nilisikia hapa. Hapa tu. Nilikuwa natoka mazishi, nikakaa...

Akaacha hapo. Cherehani yangu bado ilikuwa inaenda, na ghafla ndiyo ilikuwa sauti peke yake barabarani. Nikaondoa mguu.

— Ni mimi, — nikasema.

Asli akageuka.

— Ni mimi, mama. Siku ile watu walikuwa kimya hapa. Kila mtu anauliza, Jillo alipatwa na nini, na hakuna anayejua. Nikaona wote wananitazama. Nikasema, labda ni mke. Sikuwa na kitu chochote. Nilitaka tu benchi linisikilize.

Nilingoja anitemee mate. Umulkheir alikuwa amefumba macho. Asli akashusha mikeka begani, akailaza juu ya benchi taratibu.

— Ulisema ukiwa umekaa, Fundi. Sasa utasema ukitembea. Twende.

Tukaenda. Alitangulia yeye, mimi nikifuata na tepu yangu ya kupimia bado shingoni. Nyuma yetu Umulkheir, kisha Spika, Redio, Gunia, kisha watu. Kwa wauza maziwa akasimama.

— Sema.

Nikasema: — Asli hakumuua mumewe. Aliugua kansa. Mimi Salesio ndiye nilitunga uongo.

Kwa wachinjaji. — Sema. — Nikasema. Kwenye mfereji wa maji, mbele ya akina mama na madebe yao. — Sema. — Mara ya kwanza ulimi ulikuwa jiwe. Mara ya tano nilikuwa napaza sauti, na kuna mama mmoja akapiga vigelegele, na mwingine akapokea, na vigelegele vikatutangulia mpaka mtaa wa Bula Pesa, kwa Roba.

Roba alitoka langoni, akaona umati.

— Sema, — Asli akaniambia.

Nikasema. Roba akafungua mdomo, na Spika akamkatiza kwa Kiborana, maneno marefu ya mtu mzima kwa mdogo wake, ambayo kati yake mimi nilielewa neno moja tu: aibu. Gunia akaongeza kwa Kiswahili:

— Mimi nilizika rundo nzima kwa sababu nilikosa. Kwako ni mbuzi tu.

Roba akaondoa miiba ya boma. Wale wa zamani wengi ukame ulikuwa umewachukua, lakini kulikuwa na watoto wao na wajukuu wao, na wakatoka wakisukumana, wakipiga kelele, wakamzunguka Asli kana kwamba amewaita kwa majina yao.

Alichagua mmoja mweupe aliyekuwa na chuchu zimejaa. Akachuchumaa pale pale barabarani, akaomba kikombe, akakamua. Maziwa yalipiga bati kwa nguvu, kisha yakatulia. Akasimama, akaninyooshea kikombe mbele ya mji wote.

— Kunywa, Fundi.

Nikashika kwa mikono miwili. Yalikuwa ya moto na yenye povu. Nikanywa mpaka mwisho, nikageuza kikombe juu chini watu waone.

Nyuma yangu nilisikia bati likigonga bati. Nimo alikuwa amesogea mbele, kikombe chake cha kahawa kitupu mkononi.

— Mama Umulkheir, nijazie. Nitalipa.

Kinanu akaja na chake. Wauza maziwa wenyewe wakaja. Spika akapanda juu ya jiwe na kuinua fimbo.

— Oda! — akapiga kelele. — Pigeni laini!